Buibui Aliyepewa Jina la Panya

Milima ya Usambara imepeleka mali nyingi ng'ambo tangu siku za Wajerumani: mbao, kahawa, chai. Lakini viumbe wawili waliotoka huko walikwenda na jina la milima yenyewe, na wote wawili ni wadogo wa kutosha kukaa kiganjani, ingawa mmoja simshauri mtu yeyote kumweka hapo.

Wa kwanza ni ua. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huko Tanga, aliona ua dogo la rangi ya urujuani likimea penye miamba na kivuli, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, akaliita Saintpaulia ionantha, yaani akalivika jina la ukoo wa yule aliyelipeleka. Wajerumani wa kawaida hawakulijali sana jina hilo la kitaalamu. Wao waliliita urujuani wa Usambara, na ndivyo wanavyoliita hadi leo likiwa limejaa madirishani mwa nyumba zao. Mwaka 2015 wataalamu walichunguza upya nasaba ya ua hilo wakaona halistahili kuwa na jenasi ya peke yake, wakaliingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Basi Baron akavuliwa heshima yake, na Usambara ikabaki na yake.

Wa pili ni buibui. Naam, ndugu msomaji, wapo watu Ulaya na Marekani wanaofuga buibui sebuleni kama sisi tunavyofuga kuku uani, na miongoni mwao huyu wa kwetu ni maarufu mno. Humwita buibui-nyani wa chungwa wa Usambara. "Nyani" ni kwa sababu ya miguu yake yenye manyoya, ambayo ncha zake hufanana na vidole vya nyani. Ni jina la kundi zima la buibui wakubwa wa Afrika. "Chungwa" ni rangi yake. Mimi nimefundisha miaka thelathini na minane, mingi kati ya hiyo katika Mkoa wa Tanga, na sijapata kukutana na mzee wala kijana aliyenitajia jina la pekee la kiumbe huyu. Kwetu ni buibui tu, au "yule mwekundu wa mkongeni", kisha msemaji hugeuka kutafuta fimbo.

Jina la kitaalamu alilipata mwaka 1897. Aliyempa ni Mwingereza Reginald Innes Pocock, ambaye kazi yake katika Makumbusho ya Uingereza, London, ilikuwa kushughulika na buibui, nge na majongoo. Siku hizo viumbe wa makoloni walifika makumbushoni wakiwa ndani ya chupa za spiriti, na mtaalamu aliketi mezani, akafungua chupa moja baada ya nyingine, akapima miguu, akahesabu macho kwa kioo cha kukuzia, akaandika. Huyu alimwandika Pterinochilus murinus. Neno la pili ni la Kilatini, na maana yake ni "wa panya", au "mwenye rangi ya panya".

Nilipoijua maana hiyo nilicheka peke yangu mezani mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Kiumbe anayeng'aa kama embe dodo lililoiva, jina lake mbele ya ulimwengu mzima ni panya!

Lakini tusiwe wepesi wa kumcheka Pocock. Spishi hii imeenea mbali, kutoka nchi zetu za Afrika Mashariki hadi Angola na kusini mwa bara, na rangi zake si moja. Wapo wa kijivu, wapo wa hudhurungi, wapo wanaofanana na majani makavu. Wa chungwa ni tawi moja tu la ukoo mkubwa. Jina lile, basi, si la uongo. Tena kuna jambo la spiriti. Spiriti huhifadhi miguu, meno na manyoya ya buibui kwa miaka mia na zaidi, lakini rangi nyingi huzila polepole. Mtu angeweza kupeleka London buibui wa rangi ya chungwa, na baada ya miaka kadhaa mwenye kufungua chupa akakuta kitu cha rangi ya chai iliyochujwa. Kwa hiyo wataalamu wa zamani walijifunza kutoitegemea sana rangi, wakategemea vitu visivyochujuka. Ni busara ya mezani, na ilikuwa na faida zake.

Hata hivyo Pocock mwenyewe alijua kuitazama rangi ilipobaki. Mwaka 1899 alimwandika buibui mwingine, wa India, aliyepatikana kwenye stesheni ya reli ya Gooty, penye magogo. Huyo ni wa buluu iliyokolea, na Pocock akamwita metallica, yaani wa rangi ya madini. Alikuwa na buibui mmoja tu mkononi. Baada ya hapo hakuna mtaalamu aliyemwona tena mpaka mwaka 2001, alipopatikana katika kipande cha msitu kati ya Nandyal na Giddalur, mbali na Gooty. Inadhaniwa yule wa kwanza alisafiri na magogo kwa gari la moshi. Miaka 102 kiumbe yule aliishi katika ulimwengu wa wasomi kwa chupa moja tu. Mwaka 2008 aliwekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na hali picha na watoto wake wa kufugwa wamekwisha kuenea duniani.

Wa kwetu hajafikia hatari hiyo. Kwa miaka mingi wafugaji wa ng'ambo walimuuza kwa jina la Usambara kana kwamba ni spishi ya peke yake, mpaka mwaka 2002 Mwingereza Richard Gallon alipochapisha uchunguzi mpya wa jenasi nzima na kuonyesha kwamba rangi peke yake haimtengi na ndugu zake wa kijivu. Kwa sheria za majina, basi, amerudishwa kuwa panya.

Sisi walimu tuliotoka vyuo vya ualimu miaka ya sabini tulimchora buibui ubaoni kwa chaki nyeupe. Miguu minane, si sita, sehemu mbili za mwili, si tatu, si mdudu. Chaki za rangi zilitunzwa kabatini kwa ajili ya ramani, na picha za vitabuni zilikuwa nyeusi na nyeupe. Watoto walinakili, wakafaulu mtihani, na wakati wa mapumziko wakamponda kwa jiwe buibui wa kweli aliyepita ukutani. Huko pwani angalau wazee waliwakataza, kwa heshima ya kile kisa cha buibui aliyetanda utando kwenye mlango wa pango Mtume alipokuwa akitafutwa. Lakini heshima hiyo ilikuwa ya buibui mdogo wa ndani ya nyumba. Huyu mkubwa wa porini hakufikiriwa na mtu.

Mimi nilikutana naye uso kwa uso Novemba 2021, siku mbili baada ya mvua ya kwanza ya vuli, katika shamba la mkonge lililoachwa chini ya milima. Mahali penyewe sitapataja, na sababu nitaieleza. Jirani yangu alikuwa akifyeka ili apande mahindi, na mimi nilipita na mjukuu wangu wa kike kumjulia hali. Panga lilipotua kwenye shina la kisiki cha mkonge, ulichanika utando mzito uliochanganyika na udongo, kama kitambaa cha shashi kilichooshwa kwenye tope. Ndani yake palikuwa na tundu lenye upana wa kikombe cha kahawa. Jirani akaruka nyuma. Mimi sikuona kitu. Udongo wa huko ni mwekundu, na ilinichukua muda kutambua kwamba sehemu moja ya udongo ule ina miguu.

Miguu ilienea kama kisahani cha chai. Rangi yake, siwezi kuisema vizuri zaidi ya kusema chungwa, lakini si chungwa la kupakwa. Ilikuwa kama inatoka ndani, na kila unyoya ulishika jua. Mgongoni, sehemu ya mbele, kulikuwa na mistari myeusi iliyotawanyika kutoka katikati kama miale ya nyota. Kwenye fumbatio kulikuwa na alama zilizopangana kama mifupa ya samaki. Nilikuwa na umri wa miaka sabini, na kitu hiki kimekuwa kikiishi chini ya miguu yangu tangu utoto.

Nikachukua simu ya mjukuu. Picha za kwanza hazikufaa kitu. Jua la saa nne lilikuwa limemchoma mpaka akaonekana mweupe. Nikamwomba mjukuu asimame mbali na kunyoosha mwavuli, kivuli kikaanguka juu yake, na rangi ikarudi. Ili picha ionyeshe ukubwa wake, nikasukuma kasha la kibiriti kwa fito refu mpaka karibu naye. Hakukubali. Aliinuka kwa nyuma, akanyanyua miguu ya mbele juu kama mtu anayeomba dua kwa hasira, akafunua meno mawili meusi yaliyopinda, na kufumba na kufumbua akalipiga lile kasha. Tulipolirudisha kwa fito lilikuwa na matone mawili ya maji maangavu. Mjukuu wangu, ambaye hanyamazi, alinyamaza.

Hapa ni lazima niseme wazi juu ya sumu. Wapo buibui wakubwa wa Amerika wanaojitetea kwa kupukusa manyoya yanayowasha. Huyu wa kwetu hana silaha hiyo, na kwa hiyo hutegemea meno, tena hayatumii kwa kusitasita. Hakuna kifo kilichothibitishwa kutokana na kuumwa naye. Lakini maumivu ni makali, mahali hapo huvimba, na misuli hukazana kwa mishtuko ambayo inaweza kurudi kwa siku kadhaa. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu yake. Waganga wa hospitali hutuliza maumivu na kumwangalia mgonjwa. Si kiumbe wa kuchezewa na mtoto.

Jirani alilijua hilo kuliko mimi. Ndugu yake aliwahi kuumwa mkononi akiwa mkata mkonge, na alilala siku tatu akigugumia kila kidole kilipojikunja. "Mwalimu," aliniambia akiwa bado ameshika panga, "wewe umepiga picha yako, unakwenda nyumbani. Mimi hapa nitaleta mke wangu na watoto kupalilia, na hawana viatu." Sikuona neno la kumpinga. Mtu anayemhurumia nyoka wa shamba la mwenzake huruma yake ni rahisi. Tulizungumza kwa muda, na mwisho akakubali kukiacha kisiki kile mpaka baada ya mavuno na kukiwekea mti wa alama. Nadhani hakufanya hivyo kwa ajili yangu wala kwa ajili ya buibui. Kung'oa kisiki cha mkonge ni kazi.

Mambo yalianza baadaye. Mjukuu aliwatumia picha wenzake, nao wakawatumia wenzao, ikapita kutoka simu hadi simu. Baada ya wiki mbili nikapigiwa na mtu asiyejitambulisha, mwenye Kiswahili kizuri na haraka nyingi. Aliisifu picha. Kisha akauliza: ni shamba lipi hasa? Yapo matundu mangapi? Angelipa kwa kila buibui mzima, na zaidi kwa jike. Nilimwambia mimi ni mzee, nasahau njia. Kumbe hakunitegemea mimi peke yangu. Siku iliyofuata alikuja nyumbani kijana wa kitongoji chetu, niliyemfundisha mpaka darasa la saba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikaa, akanywa chai, akazunguka mbuyu kidogo, kisha akasema: kuna mtu anatoa elfu ishirini kwa mmoja. Kazi ya kibarua shambani haimpi fedha hiyo kwa siku mbili. Nikamweleza kwamba mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje, na kwamba shughuli ya kuwapitisha kwa siri ina mwisho wake mahakamani, na anayefika huko ni mchimbaji, si mpiga simu. Nikamweleza pia kwamba jike la buibui huyu huishi miaka mingi, na genge la vijana wenye majembe linaweza kumaliza kilima kizima kwa wiki moja.

Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akasema: "Mwalimu, wakati wa kufyeka tunawachoma moto bure. Hakuna anayesema. Wakipata bei ndiyo inakuwa dhambi?"

Nimelitafakari swali hilo tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi. Nililigeuza kwanza kwa upande wa historia, kwa kuwa ndiyo fani yangu. Lile ua la Baron lilitoka Tanga mara moja. Mbegu na mimea michache ilitosha. Wakulima wa ng'ambo wakazalisha, wakachanganya, wakapata aina zisizo na idadi, na katika mauzo hayo yote milima haikupata hata senti, ila kutajwa. Buibui naye ni hivyo hivyo. Jike mmoja hutaga mayai mengi kwa mara moja, na hao wanaouzwa ng'ambo kwa jina la Usambara wengi wao wamezaliwa huko huko, ndani ya makopo. Elfu ishirini ya kijana wangu ingelipwa mara moja. Anayeuza watoto wa buibui wale angeendelea kulipwa miaka nenda miaka rudi.

Nilidhani hapo nimepata jibu. Lakini mwenye kufundisha historia hana ruhusa ya kusoma ukurasa mmoja tu. Lile shamba lenyewe lilikuwa la mkonge, na mkonge si wa kwetu. Mwaka 1893, mwaka uleule ua letu lilipopewa jina, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Asili yake ni Mexico. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo 62 Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 200,000. Shule nilizosoma na barabara nilizopita zilijengwa kwa sehemu na fedha hizo. Sijasikia kwamba tuliwahi kumtumia Mmexico hata kamba moja ya shukrani.

Kwa hiyo siwezi kumwambia kijana kwamba kuchukua kiumbe wa mahali fulani na kumzalisha kwingine ni wizi tu, labda niwe tayari kuitwa mwana wa mwizi. Ninaloweza kumwambia ni dogo zaidi. Mkonge uliwapa watu kazi hapa ulipofika, ingawa kazi ngumu na kwa miaka mingi ya ujira mdogo wa kusikitisha. Biashara ya mpiga simu haimpi kazi mtu wa hapa. Inampa kibarua cha siku tatu, na siku ya nne kilima hakina kitu. Na kuhusu moto: ni kweli tunawachoma, na ni vibaya, lakini anayefyeka hufyeka shamba lake na kuacha kingo, mabonde na visiki vigumu. Mwenye kununua kwa idadi hafanyi hivyo. Hutafuta kingo hizo hizo.

Nilimwambia hayo. Hakukubali yote. Alisema mimi nina pensheni. Ni kweli ninayo, na hufika. Aliondoka bila kukasirika, na sijasikia kwamba alichimba, wala sijamwuliza.

Tangu hapo nimejifunza namna mpya ya kuandika vibandiko. Wale wa makumbusho, wakiwa na kiumbe chupani, huandika mahali kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Bila mahali, chupa haina thamani. Mimi nilichapisha picha moja mjini Tanga kwa ukubwa wa daftari, ile ya buibui ameinua miguu na kibiriti kikiwa pembeni, nikaipeleka katika shule ya msingi nisiyoitaja. Nyuma yake nimeandika tarehe, saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya mvua, kisiki cha mkonge, udongo mwekundu, kivuli cha mwavuli. Penye mahali nimeandika neno moja tu, Usambara. Chini yake nimeandika jina la Kilatini, na chini ya hilo nimeacha mstari mtupu kwa jina la Kiswahili. Watoto wa darasa la tano wamekwisha kuleta majina manne, na wanabishana sana juu ya mawili kati ya hayo.